Tarehe ya Faili si Tarehe ya Matini

Wahakiki wa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu wamezoea kutofautisha tarehe ya utunzi na tarehe ya kunakiliwa. Tahadhari hiyo hupotea upesi tunapohamia kwenye matini za kidijitali. Mtafiti hufungua sifa za faili, akanukuu tarehe ya kuundwa, na kuichukulia kuwa ndiyo siku matini ilipozaliwa. Makala hii inashikilia kwamba tarehe hiyo ni dai la kuthibitishwa, wala si ushahidi unaojitosheleza.

Katika Windows, faili linaponakiliwa, kwa kawaida nakala hupewa tarehe mpya ya kuundwa, ilhali tarehe ya kubadilishwa hubaki ileile. Ndiyo maana faili huweza kuonekana limebadilishwa kabla ya kuundwa. Faili la Word hubeba tarehe nyingine ndani yake. Lakini nayo hutegemea saa ya kompyuta, na anayeandika shairi jipya juu ya faili la zamani hurithi tarehe ya zamani.

Hivyo ushahidi wa nje hauna budi kupimwa kwa ushahidi wa ndani. Mwaka 1440 Lorenzo Valla alitumia Kilatini chenyewe kuonyesha kwamba hati iliyonasibishwa na Kaisari Konstantino wa karne ya 4 ilikuwa ya kughushi. Mwaka 2017, nchini Pakistani, hati yenye tarehe ya Februari 2006 ilitiliwa shaka kwa sababu ilichapwa kwa fonti ya Calibri, iliyoenea kibiashara mwaka 2007. Hoja ni moja: matini haiwezi kutangulia vijenzi vyake. Hata hivyo, Calibri ilikuwamo katika matoleo ya majaribio ya awali. Kwa hiyo fonti peke yake ilizua shaka nzito, haikukata shauri. Vilevile, msamiati mpya katika utenzi huenda ukawa mkono wa mhariri, si wa mtunzi.

Suala hili si dogo. Tasnifu inayodai kwamba mwandishi fulani alitangulia kutumia mtindo fulani husimama au huanguka kwa tarehe. Mtafiti na aeleze ni tarehe ipi anayoinukuu, imetoka katika nakala ipi, na inaafikiana vipi na barua pepe, nakala za awali na lugha ya matini. Pasipo maelezo hayo, tunachokipa tarehe ni chombo, si kazi ya fasihi.