Kuyaaga Maji

Kwetu Muheza, Oktoba ni mwezi wa kukinga maji. Vuli ilipokaribia, bibi yangu alituamuru tupange chini ya bati kila chombo kinachoweza kushika maji: ndoo, madumu yaliyokatwa shingo, sufuria za shughuli, hata karai la kufulia. Mvua ikianza usiku tuliamka kubadilishana zamu, kilichojaa kitoke, kitupu kiingie, na kulipokucha mtungi wa kunywea ulikuwa umejaa hadi shingoni. Maji ya kuoshea mchele waliyanywa kuku. Ya kuoshea vyombo yalikwenda kwenye mchicha. Nimelelewa na mtu ambaye hakumwaga maji bila kuyatafutia pa kwenda.

Leo, Oktoba hiyohiyo, kazi yangu ni kuyatoa maji. Ninaishi kaskazini mwa Minnesota, Marekani, na ninafanya kazi katika uwanja wa kuhifadhia karavani, zile nyumba za magurudumu ambazo watu wa huku huzivuta nyuma ya gari na kwenda nazo kandokando ya maziwa wakati wa kiangazi. Ndani yake mna jiko, sinki, choo, bafu, tangi la maji moto na pampu ndogo ya volti 12, vyote vimeunganishwa kwa mabomba membamba ya plastiki, mekundu kwa maji moto na ya buluu kwa maji baridi, yanayopita chini ya vitanda na nyuma ya makabati. Kabla baridi haijakaza, maji yote yaliyomo katika mishipa hiyo lazima yatoke. Kazi hii haina sherehe, wala sijamsikia mtu akiiimba. Mimi naipenda, na nataka kuisifu.

Vitabu vya shule huyaita majira haya ya majani kupukutika kwa jina la vuli. Sina ugomvi na waandishi wake, ila kila nisomapo neno hilo nasikia mvua juu ya bati, kisha nainua macho na kuona miti imebaki vijiti na sakitu imetanda juu ya nyasi.

Baridi ya huku si ya kuvalia sweta. Katika mji mdogo wa Tower, kaskazini mwa jimbo hili, Februari 2, 1996, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri. Na maji yana tabia yao. Vitu vingi vikipoa husinyaa. Maji nayo husinyaa, lakini yakifika nyuzi 4 hubadili mwendo na kuanza kutanuka. Yakishakuwa barafu huwa yameongezeka kwa asilimia 9 hivi, yaani lita 10 hudai nafasi ya karibu lita 11. Samaki wa huku wanaishi kwa tabia hiyo. Barafu huelea juu ya ziwa kama kifuniko, maji ya nyuzi 4, yaliyo mazito kuliko mengine, hukaa chini, na watu hutoboa barafu kwa keekee wakavua. Tabia hiyohiyo inayomhifadhi samaki ndiyo inayopasua elbo ya plastiki, kile kiungio cha kona, nyuma ya kabati la jikoni.

Tena haipasui kama wengi wanavyodhani. Barafu ikiziba bomba mahali pamoja huendelea kukua, ikiyasukuma maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa. Maji hayabonyei, na hapo hayana njia. Bomba huachia pale palipo dhaifu, mara nyingi mbali na barafu yenyewe, kwenye kiungio, kwenye kichwa cha pampu, au ndani ya koki ya choo. Ndiyo maana mwisho wa kazi koki zote huachwa wazi, na hubaki hivyo mpaka Aprili.

Aliyenifundisha ni fundi bomba mstaafu, mtu wa maneno machache. Nilimwita Mzee, nikamweleza maana ya jina hilo, akaridhika nalo. Siku ya kwanza hakunipa spana. Aliniingiza ndani ya karavani, akaniambia, “Wewe ni maji. Umeingia kwa mpira wa nje. Unakwenda wapi?” Nikapiga magoti na tochi. Nikafuata bomba la buluu chini ya kitanda hadi kwenye pampu, nikalikuta limegawanyika, tawi moja kwenda sinki la jikoni, lingine bafuni, lingine kwenye tangi la maji moto, na kutoka kwenye tangi nikaanza tena na jekundu. Kila niliposema nimefika mwisho aliuliza, “Na hapa je?” Ilichukua asubuhi nzima. Sehemu kubwa ya magari haya huundwa Elkhart, Indiana, na maeneo jirani, lakini mabomba hupitishwa palipo na upenyo, na ramani ya moja haikuongozi ndani ya nyingine. Siku ile nilimkumbuka bibi. Naye alijua kila tone la nyumba yake limetoka wapi na litaishia wapi.

Kazi yenyewe huanza kwenye tangi la maji moto. Unazima umeme wake na gesi yake, unaliacha lipoe kabisa, unainua valvu ya usalama ili presha itoke, ndipo unafungua kizibo cha chini. Anayeharakisha hapa hubabuka mkono. Katika matangi ya chuma, kizibo hicho hutoka na fimbo ya magnesi, na fimbo hiyo ningependa kila mtu aione walau mara moja. Imewekwa iliwe. Kutu inayolitafuta tangi huigeukia magnesi kwanza, kwa hiyo fimbo iliyoingia ikiwa nyofu na nene hutoka imechimbika mithili ya mti ulioshambuliwa na mchwa, ikifuatwa na maji yenye chembe nyeupe za chokaa. Ikiwa imebaki robo, unatia nyingine. Ikiwa ingali nzima baada ya misimu kadhaa, Mzee hukunja uso, kwa sababu huenda haikufanya kazi na kilicholiwa ni tangi.

Halafu unafungua vizibo viwili vya chini kabisa, cha moto na cha baridi, na maji hutiririka chini ya gari. Miaka ya kwanza niliweka ndoo. Sikuweza kuvumilia kuyaona yakipotea kwenye changarawe, na hadi leo yale yaliyo safi huyabeba hadi kwenye miche ya misonobari upande wa uzio. Mzee hakuniuliza kwa nini. Mwaka wa pili nilikuta ameniwekea ndoo ya pili.

Vizibo vikikauka, asiye fundi huenda zake akiamini amemaliza. Lakini maji hupenda bonde, na ndani ya karavani kuna mabonde madogo mengi: bomba lililolegea kati ya vishikizo viwili, mpira wa bafu unaoning’inia kama bembea, kikombe cha chujio mbele ya pampu, valvu ya njia moja pale mpira wa nje unapochomekwa. Basi huja upepo. Tunaunganisha kompresa na kuiweka kwenye pauni 40 kwa inchi ya mraba, si mbali na upepo wa tairi la gari dogo, kwani ukizidisha utavunja viungio ulivyokusudia kuviokoa. Kisha bomba moja moja. Ukifungua mawili kwa pamoja upepo hupita penye wepesi, na maji ya upande mgumu hubaki yamelala.

Hapa ndipo sikio linapofanya kazi kuliko jicho. Bomba likifunguliwa, kwanza hutoa maji kwa mfululizo. Halafu linakohoa. Kikohozi kinatengana, mate yanaruka, panatoka ukungu, kisha pumzi tupu. Mwanafunzi hufunga akisikia pumzi. Mzee alinizuia mkono, akahesabu kimya kwa vidole, na baada ya muda bomba lililokuwa limekauka likatema tena mafunda mawili. Hayo ndiyo maji yaliyokuwa bondeni. Upepo ulikuwa unapita juu yake, ukayakusanya polepole mpaka yakaziba njia, ndipo ukayasukuma. Tangu hapo nami hufunga kila bomba, nikaiacha presha ijijenge upya, nikafungua tena, mara tatu au nne. Sasa naweza kuwa nje nashughulikia kompresa na nikajua kwa sauti kwamba sinki la bafuni bado lina maji.

Ubishi mmoja wa mafundi wa huku ni kama bomba la maji moto huganda kabla ya lile la baridi. Niliposikia mabishano hayo mara ya kwanza niliacha kula. Nikawaeleza juu ya Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa Magamba, huko Lushoto, milimani katika mkoa wetu wa Tanga. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Yeye alitia maziwa kwenye friji yangali moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa bila kuchemshwa. Aliambiwa amekosea. Hakuliacha swali lake; alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Wanasayansi wanabishana hadi leo, na jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Kwa karavani iliyozimwa tangu jana haliongezi kitu, maji yote mawili yamekwisha kuwa na ubaridi mmoja. Lakini nilifurahi kulitaja jina hilo katika banda la mafundi, nikiwa na spana mkononi.

Baada ya upepo hufuata dawa. Ni kimiminika cha propilini glaikoli, cha rangi ya waridi kama maji yaliyolowekwa ubuyu. Si ile ya kijani inayotiwa katika rejeta za magari; ile ni ethilini glaikoli, tamu mdomoni, na huharibu figo za mtoto au mbwa atakayeilamba. Kabla ya yote unageuza valvu nyuma ya tangi la maji moto ili dawa ilipite kando. Ukisahau, lita 23 hivi za dawa zitaishia kulijaza tangi ambalo umekwisha kulikausha. Pampu huvuta dawa kutoka kwenye dumu, nawe unafungua mabomba moja baada ya jingine: yanatoka maji meupe, yanakuja ya waridi hafifu, yanakuja ya waridi yaliyokolea, unafunga. Kikombe kimoja kwenye kila tundu la sinki, kwa sababu kona ya bomba chini yake hushika maji daima. Kiasi chooni. Mashine za kufulia na za barafu zina taratibu zake. Fuata kitabu cha kila moja.

Kwenye dumu imeandikwa kinga ya nyuzi 46 chini ya sifuri, na wengi huisoma vibaya. Dawa huanza kuwa ujiuji mapema sana kabla ya hapo, ila uji huo haukazi kiasi cha kupasua bomba. Maji yaliyobaki ndani huizimua, na kinga hiyo hushuka. Anayeruka hatua ya kukausha kwa kuitegemea dawa ameitia dawa udhaifu kwa mkono wake mwenyewe.

Wapo pia wanaohangaika na lita moja iliyobaki chini ya tangi kubwa la maji safi. Hiyo Mzee huiacha. Tangi ni pana, barafu itatanuka kwenda juu, haitamgusa mtu. Kuyajua maji ya kuacha ni nusu ya ufundi huu, na mimi nilichelewa kujifunza nusu hiyo, nikipoteza saa nzima kukausha kwa kitambaa mahali ambapo pana nafasi tele, huku macho yakipita pale pasipo na nafasi.

Ndivyo nilivyokosea. Msimu wa pili niliachiwa karavani moja peke yangu, ya familia yenye watoto watatu. Nilipuliza kila bomba la ndani. Ubavuni, nyuma ya kijimlango kidogo, kulikuwa na bafu la nje la kuoshea miguu yenye mchanga. Sikulifungua. Aprili tulipotia maji, sakafu karibu na kitanda cha watoto ililowa. Elbo ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nilibandua mbao zilizovimba na kuziweka mpya kwa siku zangu mbili za mapumziko, na yule mama alisimama mlangoni akiniangalia, safari yake ya kwanza ya mwaka imevurugika. Elbo ile ninayo. Kila Oktoba, kabla sijawasha kompresa, huitia mfukoni.

Tukimaliza, Mzee hufunga kizibo cha tangi kwa uzi na kukining’iniza kwenye bomba la jikoni, asije mtu akawasha moto chini ya tangi tupu. Theluji inashuka. Miezi mitano au sita uwanja unakuwa matuta meupe, na hatuna la kufanya kwa magari yale.

Aprili iliyopita familia ile ilirudi. Nilirudisha kizibo, nikasuuza dawa mpaka maji yakatoka meupe, nikatia jiki kidogo kwenye tangi la maji safi, nikasuuza tena. Kisha nikafunga mabomba yote na kuwasha pampu. Pampu hizi huunguruma mpaka presha ishike, ndipo hujizima zenyewe. Pakiwa na ufa popote, hata wa unywele, presha hupungua na baada ya dakika chache pampu huamka tena. Kwa hiyo hakuna cha kutazama. Unasimama na kusikiliza.

Iliunguruma, ikazima. Tulisimama wanne, mimi, Mzee, yule mama na binti yake mdogo, hakuna aliyesema neno. Dakika tano. Kumi. Nje theluji ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye paa. Mzee alitazama saa yake mara moja, akaurudisha mkono mfukoni. Pampu haikuamka. Binti akachoka kusubiri, akachukua birika, akafungua bomba la jikoni, akaanza kulijaza.