Kesi ya Thomas Muir: Tumsikilize Nani?

Tukiambiwa Thomas Muir, wakili wa Glasgow aliyezaliwa 1765, alikuwa mtetezi wa wanyonge, tunapiga makofi na kufunga kitabu. Mimi nasema tusiharakishe, wasomi wenzangu. Kumbukumbu za kesi yake ya uchochezi, iliyosikilizwa Edinburgh tarehe 30 na 31 Agosti 1793 na kuchapishwa mwaka huohuo, zinasomeka kama tamthilia, na tamthilia haihakikiwi kwa kumsikiliza shujaa peke yake.

Maudhui hayana utata. Muir alidai bunge lichaguliwe na watu wengi zaidi. Alishtakiwa kwa kusambaza kitabu cha Thomas Paine kuhusu haki za binadamu, na kwa kuwasomea wanamageuzi, Desemba 1792, risala ya Waairishi waliotaka mabadiliko kwao. Jaji Braxfield ndiye mhusika mwovu, wala hahitaji kutiwa chumvi: aliwaeleza waamuzi 15 kwamba wenye ardhi tu ndio wastahilio kuwakilishwa. Na waamuzi wenyewe je? Muir alilalamika kuwa walitoka katika chama kilichokwisha kuwalaani watu wa upande wake. Pingamizi likatupwa.

Lakini hebu tumtazame Anne Fisher, mtumishi wa ndani katika nyumba ya baba yake Muir. Yeye ndiye aliyeieleza mahakama kwamba Muir alimshauri kinyozi wake anunue kitabu cha Paine akiweke dukani wateja wakisome, na kwamba alimtuma yeye Anne akamwambie mpiga kinanda wa barabarani apige wimbo wa mapinduzi ya Ufaransa. Jamani, ushahidi gani huu! Kinyozi, kinanda, kijakazi. Ndimo humu tunamoona fikra zikishuka kutoka maktaba ya wakili hadi mtaani, kuliko hata katika hotuba yake ya saa tatu, ambayo kifani imejaa madoido ya kiwakili.

Na Muir anamjibu nini? Hamjibu. Anakataa kumhoji, kwa dharau, kana kwamba kumuuliza swali ni kujishusha. Wakati huohuo analalamika kuwa nyumba yake imefanyiwa upelelezi. Hasira yake naielewa. Maneno ya Anne yalikuwa yanamfunga. Ila mtu anayedai sauti kwa wasio na sauti, anapokutana na mmoja wao kizimbani, anamnyamazia. Ukinzani huo haukupangwa na mtunzi yeyote, na wanaomsifu Muir huupita haraka.

Alihukumiwa kupelekwa Australia miaka 14. Mwaka 1796 alitoroka kwa meli ya Kimarekani, akajeruhiwa usoni vitani karibu na Cadiz, akafa Chantilly, Ufaransa, 1799. Mnara uliojengwa Edinburgh mwaka 1844 una jina lake na ya wenzake wanne. Anayeona namwonea Muir, basi aandike. Ila aanze na ukurasa wa Anne.