Kitufe Kimoja na Sikio: Jinsi Rhythm Heaven Inavyomfundisha Mchezaji Kushika Mapigo

Machi 2025 Nintendo ilitangaza Rhythm Heaven Groove, mkusanyiko mpya wa michezo midogo ya midundo kwa ajili ya konsoli ya Switch. Mfululizo huu ulianzia Japani Agosti 2006 kwenye Game Boy Advance, kwa jina la Rhythm Tengoku. Ukaingia Nintendo DS mwaka 2008, Wii mwaka 2011 na 3DS mwaka 2015, kisha ukanyamaza kwa miaka kumi. Mtu anayeutazama kwa mara ya kwanza ataona vichekesho: nyani wanaorusha mipira ya gofu, kitunguu chenye sura ya mtu, paka na mbwa wanaocheza badminton wakiwa juu ya ndege. Vichekesho hivyo vinapendeza kweli, lakini havitoshi kueleza kwa nini mchezo unaotumia kitufe kimoja au viwili umeishi muda wote huo. Kilichoubeba ni uamuzi wa kiufundi: sikio ndilo linaloongoza, na jicho linafuata.

Ili kuona uzito wa uamuzi huo, tuangalie desturi iliyokuwapo. Katika Dance Dance Revolution ya mwaka 1998 na Guitar Hero ya mwaka 2005, alama zinatembea kwenye skrini kuelekea mstari fulani, na mchezaji anabonyeza au anakanyaga pale alama inapofika. Muda umegeuzwa kuwa umbali. Muziki unaburudisha na unasaidia, ila mchezaji mzoefu anaweza kuzima sauti kabisa na bado akaenda mbali, kwa sababu taarifa zote anazozihitaji ziko mbele ya macho yake. Tsunku, mtayarishaji wa muziki aliyejulikana Japani kwa kulea kundi la Morning Musume, aliipelekea Nintendo wazo la gemu ya mdundo, na kazi ikaangukia kwa watu waliokuwa wakitengeneza mfululizo wa WarioWare. Ile njia ya alama zinazotembea wakaiondoa. Mahali pake wakaweka ishara ya sauti yenye urefu maalumu: mlio unasikika, yanapita mapigo kadhaa yasiyobadilika, kisha mchezaji anajibu. Anayeanzisha ni gemu, anayeitika ni mchezaji, na kinachowaunganisha ni mwendo wa wimbo tu.

Hapa hesabu kidogo inasaidia. Wimbo unaokwenda kwa mapigo 120 kwa dakika huacha milisekunde 500 kati ya pigo na pigo, na nusu ya pigo ni milisekunde 250. Mtu wa kawaida akisikia mlio huhitaji milisekunde 150 hadi 200 kabla kidole hakijasogea, na muda huo haulingani kila mara. Kwa hiyo anayengoja asikie ndipo abonyeze atakuwa amechelewa, au atapatia kwa bahati. Njia pekee ya kufika kwa wakati ni kulijua pigo kabla halijaja, yaani kulibeba mwilini. Gemu za alama humpa mchezaji utabiri huo kupitia macho. Rhythm Heaven inamlazimisha autengeneze mwenyewe, na huko ndiko kushika mapigo kwenyewe.

Tuchukue mchezo mmoja wa mwaka 2006, ule wa kung'oa nywele za kitunguu. Kwanza nywele zinachipuka moja baada ya nyingine, kila moja na mlio wake, kwa mpangilio fulani wa mdundo. Kisha, kwa muda uleule, kibano kinapita juu ya uso wa kitunguu na mchezaji anatakiwa kuzing'oa kwa mpangilio uleule aliousikia. Ni kweli nafasi kati ya nywele inaonekana, na anayeanza huiegemea. Baada ya muda mfupi anagundua kwamba kuutazama uso kunamchelewesha, ilhali kuurudia mdundo kimoyomoyo kunamfikisha. Na akikosea kidogo tu, unywele haung'oki wote: unakatika na kubaki kipande. Hiyo ni kazi nzuri sana ya usanifu. Hakuna neno lililoandikwa kumwambia kwamba amewahi au amechelewa. Kosa limegeuka kuwa kitu kinachoonekana na kusikika papo hapo, na wimbo haukusimama kumkaripia. Tathmini inakuja mwishoni.

Baada ya kumzoesha mchezaji kusikiliza, gemu inaanza kumnyang'anya macho. Katika Lockstep, mchezo mdogo wa toleo la Nintendo DS, kundi la watu linapiga hatua juu ya pigo, kisha kwa ishara ya sauti linahamia katikati ya pigo na pigo, halafu linarudi. Wakati huohuo kamera inazidi kurudi nyuma hadi watu wanakuwa vitone. Anayefuata miguu yao anapotea, na anayefuata wimbo haoni tofauti yoyote. Katika badminton ya wale paka na mbwa, mawingu huziba mwonekano na mchezo hausimami, kwa kuwa sauti imeshasema mpira utarudi lini. Double Date ya Wii inakwenda mbali zaidi. Mipira ya aina tatu inadunda kuelekea kwa kijana aliyeketi na mwenzake, naye huipiga teke: wa miguu kwa mwendo wa wastani, wa kikapu upesi zaidi, na ule wa Kimarekani unachelewa. Kila mmoja una mlio wake, na mlio huo unatosha kumweleza mchezaji muda wa kungoja.

Wapo wanaosema kwamba hili ni suala la kukariri tu: ishara zikishaingia kichwani, hakuna kilichobaki. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kila mchezo ungebaki peke yake. Lakini tangu mwanzo mfululizo huu umekuwa na michanganyiko, ambapo michezo uliyokwisha kuipita inafumwa ndani ya wimbo mmoja mpya na kubadilishana kila baada ya muda mfupi. Picha inabadilika, kitendo kinabadilika, hata aina ya muziki inabadilika. Kisichobadilika ni pigo. Aliyekariri anayumba kila sura inapogeuka, lakini aliyejifunza kusikiliza anapita. Kwangu mimi michanganyiko hiyo ndiyo mtihani wa haki kuliko yote katika gemu za aina hii, kwa sababu inapima kile hasa kilichofundishwa.

Pingamizi jingine ni zito zaidi, nalo ni kwamba gemu inayotegemea sikio inamfungia mlango asiyesikia vizuri. Siwezi kulikataa. Vikatuni vinasaidia kiasi, kwa kuwa miondoko yao huenda sambamba na milio, lakini havikuundwa kubeba kazi yote. Mtetemo wa vidhibiti vya Switch unaweza kupeleka ishara mkononi bila kurudisha alama zinazotembea, na ningependa kuona njia hiyo ikitumiwa kikamilifu.

Udhaifu wa mwisho unatoka nje ya gemu yenyewe. Kitufe cha Game Boy Advance, skrini na spika yake vilikuwa kwenye kifaa kimoja, na sauti ilifika bila kukawia. Toleo la DS lilimtaka mchezaji afyatue kijiti juu ya skrini, na ufyatuaji huo haukusomwa kwa uhakika kila mara. Toleo la Wii likarudi kwenye vitufe, na hilo lilikuwa sahihi. Lakini Wii ilileta tatizo la televisheni bapa, ambazo nyingi huchelewesha picha na sauti wakati zikizichakata. Ucheleweshaji wa milisekunde 100 ni asilimia 40 ya zile 250 tulizozitaja. Mchezaji anabonyeza sawasawa na anachosikia, na mashine inamhesabia kosa. Switch inabeba hatari hiyohiyo, na tangu Septemba 2021 inakubali pia vipokea sauti vya Bluetooth, ambavyo huongeza uchelewaji mwingine. Kwa hiyo utakapoicheza Groove, anza ukiwa umeishika konsoli mkononi, kwa spika zake au vipokea sauti vya waya, na uhamie kwenye televisheni baada ya kuwasha hali ya gemu katika mipangilio yake.