Picha ya Wavulana Watatu na Ilhamu ya Cartier-Bresson

Watu wengi wanaojifunza sanaa ya kupiga picha hudhani kwamba ilhamu ya mtindo mpya hupatikana kwa kubadili mahali. Aliyechoka na mji huenda shamba. Aliyechoka na nchi yake hupanda meli. Na akifika huko huigeuza kamera yake kulia na kushoto, akiamini kwamba ugeni wa kitu kitazamwacho utalipa jicho lake upya ambao halikuwa nao nyumbani. Dhana hii ina chembe ya kweli ndani yake, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuing'oa. Lakini habari za Henri Cartier-Bresson, Mfaransa ambaye ni mmoja wa wapiga picha walioigwa sana katika karne ya 20, zaipinga waziwazi. Alisafiri, na safari haikumpa mtindo. Mtindo aliupata aliporudi kwao, mbele ya ukurasa wa jarida, katika picha iliyopigwa na mtu mwingine.

Picha yenyewe yaeleweka upesi. Wavulana watatu wa Kiafrika, uchi kama walivyozaliwa, wanakimbilia majini. Wamempa mpiga picha migongo. Hapana uso hata mmoja unaoonekana, wala hapana nyumba, mtumbwi au mti wa kumwambia mtazamaji yuko wapi. Kuna miili mitatu myeusi, na kuna povu jeupe. Uzuri wake umo zaidi katika nafasi zilizo kati ya mikono na miguu iliyotawanyika, ambamo weupe wa maji umeingia ukakaa kana kwamba umekatwa kwa mkasi. Aitazamaye mara ya pili hutambua kwamba nafasi hizo hazikuwako nukta moja kabla, na nukta moja baadaye zilikuwa zimekwisha toweka. Mguu ungaliteremka, mkono ungalipita mbele ya mkono wa mwenziwe, na umbo lote lingalivunjika. Furaha ya wavulana ni kitu cha kweli, nayo ndiyo impendezayo mtazamaji kwanza. Walakini furaha hiyo ingaliweza kuonekana hata katika picha mbaya. Kilichookolewa hapa ni mpango, na mpango huo haukupangwa na mtu yeyote.

Aliyeipiga, yapata mwaka 1930, ni Martin Munkácsi, aliyezaliwa mwaka 1896 katika mji wa Kolozsvár, ambao wakati ule ulikuwa wa Hungaria na sasa umo katika Rumania kwa jina la Cluj. Hakusomea sanaa hii kwa mwalimu. Alianza katika magazeti ya Budapest, akapata sifa kwa picha za michezo, na mwishoni mwa miaka ya 1920 alihamia Berlin kulifanyia kazi gazeti la picha la Berliner Illustrirte Zeitung. Habari hii ya michezo si ndogo. Katika siku zile mtu wa kawaida aliyekwenda kupigwa picha, awe wa Berlin au wa Unguja, alivaa nguo zake bora, akaketi au akasimama kama alivyoelekezwa, akazuia pumzi. Utulivu ulikuwa ndiyo adabu ya picha. Mpiga picha wa mpira hakuweza kuidai adabu hiyo, maana mlinda lango aliyekwisha ruka hawezi kuombwa aruke tena. Ilimbidi Munkácsi ajifunze kukisia mahali mwili utakapokuwa, na kufungua lenzi kabla macho yake hayajathibitisha. Alipowakuta wavulana wale ufukweni alikuwa na elimu hiyo tayari mikononi, ingawa hapakuwa na lango wala mpira.

Sasa na atazamwe Cartier-Bresson kabla ya siku ile. Alizaliwa mwaka 1908 katika ukoo tajiri, akataka kuwa mchoraji. Alijifunza kwa André Lhote, mwalimu mkali aliyesisitiza vipimo na mistari iliyojificha chini ya kila mchoro mzuri. Na katika mikahawa ya Paris aliwasikiliza washairi na wachoraji waliotukuza bahati, waliosema kwamba mambo mawili yasiyohusiana yakikutana kwa ghafla huweza kufumbua siri. Mafunzo hayo mawili yalikuwa yakigombana ndani yake. La kwanza lilimwambia apange kila kitu. La pili lilimwambia asipange kitu. Katika kuchora hakuona njia ya kuyapatanisha.

Mwaka 1930 aliondoka Ulaya akaenda Côte d'Ivoire, iliyokuwa koloni la Ufaransa. Huko aliishi kwa kuwinda usiku kwa taa na kuuza nyama, mpaka homa kali ilipokaribia kumwua na kumrudisha kwao mwaka 1931. Alikuwa na kamera ndogo pamoja naye. Filamu nyingi alizopiga ziliharibiwa na unyevu, na chache zilizonusurika ni kazi ya kijana mwenye jicho zuri ambaye bado hajui jicho hilo ni la nini. Jambo hili lafaa kutiliwa mkazo. Alikuwa katika pwani ya Afrika; alikuwa na bahari, povu, na kwa hakika watoto waliokuwa wakicheza majini; alikuwa na kamera na wakati wa kutosha. Kila kilichokuwamo katika picha ya Munkácsi kilikuwa mbele ya macho yake mwenyewe kwa miezi mingi, wala hakikumwambia neno.

Aliporudi Ufaransa akaiona picha ya wavulana watatu katika jarida, na hata uzeeni alikuwa akisimulia mshtuko alioupata, akisema kwamba ndiyo picha pekee iliyopata kumwathiri kama mpiga picha. Aliyemsikia akisema hivyo aweza kudhani kwamba ni heshima ya msanii mkubwa kwa mtangulizi wake. Lakini maneno hayo yakipimwa kwa kazi alizozifanya mara baada ya hapo, yaonekana kuwa ni taarifa ya jambo lililotukia. Picha ile ilimwonyesha kwamba mistari ya Lhote na bahati ya washairi vyaweza kukaa pamoja katika nukta moja, na kwamba chombo cha kuvikutanisha si brashi. Maelfu ya watu waliusoma ukurasa ule ule wakaufunua kwenda ukurasa wa pili. Yeye alisimama, kwa sababu swali alilolijibu Munkácsi bila kujua lilikuwa limemkera kwa miaka kadhaa. Hapo ndipo wanaonena juu ya ilhamu kama mvua inyeshayo popote hukosea: ardhi ilikuwa imekwisha limwa.

Mwaka 1932 alikuwa na Leica mkononi, kamera ndogo iliyotumia utepe wa filamu wa sinema, iliyoweza kupiga picha 36 bila kujazwa tena. Mwaka huo huo alipiga picha mbili zinazostahili kuwekwa ubavuni mwa ile ya wavulana. Ya kwanza ni ya mji wa Hyères. Mpiga picha yuko juu ya ngazi; chini yake chuma cha kushikia kinajipinda kama kobe la konokono, na barabara iliyo chini inafuata pindo lile lile. Katika pembe ya juu anapita mtu juu ya baiskeli, amekungika kwa mwendo hata hana sura. Yamkini ngazi ilipatikana kwanza, na baiskeli ikangojwa. Hapa hapana mtoto, hapana bahari, hapana mwili uchi, hapana shangwe. Mtu asiyejua asingaliweza kusema kwamba picha hii ni ya ukoo mmoja na ile ya Munkácsi.

Ya pili yajulikana zaidi. Nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris, mtu anaruka juu ya maji yaliyotuama. Kisigino chake kimekaribia kuyagusa lakini hakijayagusa, na kivuli chake kinamkabili kutoka chini. Nyuma yake, ukutani, limebandikwa tangazo lenye umbo la mcheza dansi aliyeruka vile vile kama yeye, kana kwamba anamdhihaki. Kwa maelezo yake mwenyewe Cartier-Bresson aliipenyeza kamera kati ya mbao za ua, na ubao mmoja ukaziba sehemu ya lenzi, ndiyo maana picha hii ni moja katika chache mno alizokubali zikatwe pembeni. Hapa nasaba yaanza kuonekana: mwili mweusi, weupe wa maji, nukta isiyorudi. Lakini tazama mabadiliko. Wavulana wa Munkácsi wanakwenda majini kwa sababu wanayapenda maji. Mtu wa Paris anayakimbia maji, naye atatumbukia. Furaha imegeuka kuwa kichekesho chenye uchungu kidogo. Asiyekubali kwamba huu ni mtindo mpya, aseme ni mwiga gani hubadilisha maana ya kitu anachokiiga.

Wako walioirithi picha ile kwa njia nyingine, na wa kwanza wao ni Munkácsi mwenyewe. Mwaka 1933, katika kazi yake ya kwanza kwa gazeti la mavazi la Harper's Bazaar la Marekani, alimtaka mwanamke aliyevaa nguo za kuogelea akimbie ufukweni karibu na New York, katika siku ya baridi. Kabla ya hapo wanamitindo walisimama kama sanamu. Baada ya hapo walianza kukimbia na kuruka, na Richard Avedon, aliyemfuata katika kazi hiyo, aliwarusha juu zaidi. Picha hizo zina uchangamfu wa kweli, na ni uonevu kuzidharau. Hata hivyo ni lazima isemwe kwamba mwanamke yule alikimbia kwa kuwa aliagizwa. Munkácsi na Avedon waliurithi mwendo. Cartier-Bresson aliurithi muda. Mwendo waweza kununuliwa kwa saa, lakini muda hauna budi kungojwa, na ndiyo sababu mitaa imejaa wanaojiita wanafunzi wa Cartier-Bresson ambao kwa kweli ni wanafunzi wa Avedon bila kujua.

Makosa ya wanafunzi hao yametokana kwa sehemu na jina la kitabu. Mwaka 1952 Cartier-Bresson alitoa kitabu chake kikubwa, jalada lake likiwa limetengenezwa na Matisse. Jina la Kiingereza, lililotolewa katika maneno ya kadinali mmoja wa karne ya 17 yaliyonukuliwa mwanzoni mwa kitabu, lamaanisha nukta ya kukata shauri. Jina la Kifaransa ni jingine kabisa. Lasema habari za picha zilizochukuliwa haraka haraka, kwa kujiiba, kama afanyavyo mchuuzi asiye na leseni aliyetandaza bidhaa zake juu ya kitambaa, macho yakiwa kwa askari, tayari kukunja na kukimbia. Msomaji wa Kiswahili aliyepita katika mitaa ya Kariakoo hahitaji kufafanuliwa. Jina la kwanza humfanya mpiga picha kuwa hakimu akaaye juu ya wakati na kutoa hukumu. La pili humfanya kuwa mtu mdogo mwenye hofu, ambaye ameiba kitu na hajui kama kitamfaa. Picha ya wavulana watatu yaafikiana na jina la Kifaransa. Yule aliyejifunza kwa jina la Kiingereza hutafuta nukta kubwa, akaziacha ndogo zipite.

Limebaki neno juu ya mahali. Kwa miaka mingi picha ya Munkácsi imechapwa kwa jina la wavulana wa Ziwa Tanganyika, na wapenzi wa sanaa katika Afrika Mashariki wamekuwa na sababu ya kufurahi kwamba fundi wa Paris aliamshwa na maji ya Kigoma au Ujiji. Furaha hiyo yataka tahadhari. Vitabu vingine vyaiweka picha hiyo Liberia, upande wa pili wa bara, nchi ambayo Munkácsi alitumwa na gazeti lake la Berlin katika miaka ile ile. Picha yenyewe haisaidii, kwa kuwa uzuri wake ulipatikana kwa kuacha nje kila kitu ambacho kingaliweza kushuhudia. Ziwa au bahari, magharibi au mashariki, kwa waliochapa ilitosha kwamba ni maji ya Afrika.

Hapa sifa za picha na aibu yake vinakaa mahali pamoja, na mhakiki mwaminifu hawezi kukitaja kimoja akakisitiri kingine. Yaweza kujibiwa kwamba mtu aliyeruka nyuma ya stesheni naye hana jina wala sura, na kwamba sanaa ya aina hii haimuulizi mtu jina lake. Jibu hilo halitoshi. Kila mtu ajua mtu yule aliruka mji gani, nyuma ya stesheni gani na katika mwaka gani. Atakaye aweza kwenda leo akasimama karibu na pale. Wavulana watatu waliompa Cartier-Bresson kazi ya maisha yake hawakuachiwa hata nchi.