Kiwiko cha Hewa

Cozy Mk IV ni ndege ya kujengwa nyumbani, na injini yake hukaa nyuma, ikiisukuma. Nat Puffer aliibuni akifuata Long-EZ ya Burt Rutan, aliyewaonyesha watu wa kawaida namna ya kuchonga bawa kwa sponji ngumu na kulivika faibaglasi. Wengi husifia mbawa hizo, na zinastahili. Mimi nasifia kiwiko kinachopitisha hewa kuingia kwenye injini.

Kiwiko hicho hukaa pabaya. Ndani injini inanyonya, kwa hiyo kuta zake huvutwa zikutane. Nje kuna ekzosi, na vichwa vya silinda ambavyo kwa injini nyingi za kampuni ya Lycoming huruhusiwa kufika nyuzi 260 za Selsiasi.

Fundi huanza na uwazi: huchonga sponji iwe na umbo la njia ya hewa, huifunga utepe, kisha hulaza juu yake kitambaa cha kioo kilicholoweshwa epoksi, tabaka baada ya tabaka, akivifukuza viputo kwa brashi. Epoksi ikishakauka, sponji huyeyushwa kwa asetoni. Hubaki mkunjo ambao hakuna bomba la dukani lililo nao.

Kazi haijaisha, na hapa ndipo ninapompendea fundi. Kioo hakiogopi joto la injini. Mwoga ni epoksi. Kila epoksi ina nyuzi za joto ambazo ikizifikia hulegea, na kwa kiasi kikubwa kiwango hicho hutokana na joto lililoikomaza. Ikiachwa kwenye joto la chumba tu, huwa ngumu mkononi lakini haijafikia uwezo wake. Basi huingizwa kwenye oveni na joto hupandishwa hatua kwa hatua, kwa saa nyingi. Ukiharakisha, kipande hulegea kabla ya kukomaa.

Tarehe 18 Machi 2025, Cozy moja ilikuwa ikikaribia kutua Gloucestershire, Uingereza, injini ikaishiwa nguvu. Rubani aliumia kidogo. Wachunguzi walikuta kiwiko kimelainika na kubonyea. Kilikuwa kimechapwa kwa printa ya 3D. Mwenye ndege alielewa kwamba ni plastiki ya ABS yenye nyuzi za kaboni, na kwamba ingehimili joto hadi nyuzi 105. Maabara ilipima sampuli mbili, zikalegea kwenye nyuzi 52.8 na 54. Mchoro wa asili ulitaka faibaglasi na epoksi, tena na kipande cha bomba la alumini lenye ukuta mwembamba mdomoni, kuzuia kubonyea. Naistahi sana alumini hiyo: aliyeichora alikuwa ameshaiona hatari akiwa bado mezani.

Printa si adui, ila joto lililoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji si kipimo cha kipande ulichonacho. Fundi makini huoka kibanzi cha majaribio pamoja na kiwiko, tabaka zilezile, epoksi ileile. Baadaye hukirudisha kwenye oveni kikiwa kimebebeshwa uzito, kwa joto linalozidi la kwenye injini. Kikipinda, kiwiko hakifungwi.