Tao la Mtaa wa Chalmers

Asiyejua historia ya jengo namba 6 la Mtaa wa Chalmers, jijini Charleston, South Carolina, angeweza kulidhania kanisa dogo lililokosa mnara. Nguzo mbili za pembe nane, moja kila upande, zimepanda hadi kama mita 6. Kati yake limepinda tao pana. Ukuta ni wa matofali, lakini uso unaotazama mtaa umepigwa lipu ukapendeza. Barabara yenyewe ingali imetandikwa mawe ya mviringo, na watalii hupunguza mwendo hapo kwa kuogopa kujikwaa. Ni uso wenye heshima zake. Umbo lake halikiri kwamba ulijengwa kwa ajili ya kuuza watu.

Heshima hiyo ina asili yake. Hadi katikati ya karne ya 19, watumwa wa Charleston walipigwa mnada nje, mchana kweupe, kando ya jengo la forodha. Mwaka 1856 baraza la mji likapiga marufuku minada ya watu katika maeneo ya wazi. Baadhi ya madalali walinung'unika: kuificha biashara ni kukubali kwamba ina aibu, na kufanya hivyo ni kuwapa nguvu wanaoipinga. Waliona mbali kuliko waliotunga sheria. Hata hivyo waliitii, na mwaka huohuo Thomas Ryan akafungua soko lake kwenye kiwanja kilichozungushiwa ukuta kati ya mitaa ya Chalmers na Queen. Mwaka 1859 dalali Ziba Oakes akalinunua soko hilo na kujenga ukumbi tunaouona leo.

Vipimo vya ukumbi huo vinaeleza mengi. Urefu wake unakaribia mita 20, upana mita 6 tu, na dari ya kwanza ilikuwa juu kiasi cha mita 6. Yaani ukitazama kutoka mtaani, upana na kimo vinalingana, huku kina kikienda zaidi ya mara tatu ya hapo. Ni umbo la ushoroba. Katika ushoroba huo, meza ya mnada yenye kimo cha sentimita 90 hivi na urefu wa mita 3 haikuwekwa mwisho, mahali ambapo mtu angetarajia jukwaa. Iliwekwa karibu kabisa na mlango, chini ya tao.

Kwangu, hapo ndipo penye ufunguo wa jengo zima. Sheria ilitaka mnada uingie ndani, nao ukaingia, kwa hatua chache tu. Tao pana lilimzungushia fremu aliyesimamishwa mezani, likamfanya aonekane vizuri zaidi kuliko angeonekana uwanjani. Mbunifu (jina lake silitaji, na sidhani kama anastahili sifa) alikipata alichotumwa: jengo lililo ndani kwa mujibu wa sheria, na nje kwa macho ya mnunuzi. Yasiyotakiwa kuonekana yalikuwa nyuma, kwenye ua: gereza la ghorofa nne la kuwafungia watu wakisubiri kuuzwa, jiko, na chumba cha maiti.

Mnada wa mwisho ulifanyika Novemba 1863. Majeshi ya Muungano, yaani ya Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, yalipouteka mji mwaka 1865, Charles Carleton Coffin, mwandishi wa habari kutoka Boston, aliukuta ukumbi na neno MART, yaani soko, likiwa limeandikwa kwa herufi za dhahabu juu ya lango. Alizichukua herufi hizo pamoja na ngazi za kupandia mnadani, akazipeleka kaskazini, na huko William Lloyd Garrison, mpinzani mkubwa wa utumwa, akahutubia akiwa amesimama juu ya ngazi zilezile. Hapo jengo likabaki na umbo bila maandishi. Mwaka 1878 likatiwa sakafu ya pili, likawa makazi ya kupanga. Baadaye likawa gereji ya magari. Jengo lisilo na jina hukanwa kirahisi, na wazungu kadhaa wa Charleston walidai kwa miaka mingi kwamba hapakuwahi kuuzwa mtu hapo.

Miriam Wilson, mzaliwa wa Ohio, alilinunua mwaka 1938 akalifanya makumbusho. Alikusanya kwa bidii vitu vilivyotengenezwa na watumwa, ingawa maelezo yake yaliwahurumia mno mabwana. Makumbusho hayo yalifungwa mwaka 1987, mji ukalichukua jengo, na mwaka 2007 yakafunguliwa upya. Maonyesho ya sasa yana mabango mengi kuliko vitu, na mabango yanaeleza biashara yenyewe kwa uwazi. Lakini sakafu ya 1878 imebaki, imekikata kimo cha ukumbi, na macho ya msomaji wa mabango huelekea ukutani. Uhusiano wa tao na meza, ambao ndio ushahidi mzito kuliko yote, humpita kwa urahisi.

Kwenye gati la zamani la Gadsden, jijini humohumo, makumbusho mengine ya historia ya Wamarekani Weusi yalifunguliwa mwaka 2023. Jengo lao limeinuliwa juu ya nguzo, kama mita 4 kutoka ardhini, ili mahali waliposhushwa Waafrika pasikaliwe na chochote, na mtu hupita chini yake kutoka upande wowote. Chalmers haina nafasi hiyo. Gereza, jiko na chumba cha maiti havipo tena, kwa hiyo njia waliyopitishwa waliouzwa haiwezi kufuatwa. Mgeni, awe mjukuu wa mtumwa au wa bwana, huingia kutoka mtaani, chini ya tao, kwa mlango wa wanunuzi.