Gari Lisilo na Rejeta

Mwaka 1950, kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana kusini mwa California, Dick Kraft alifika na chombo ambacho trafiki yeyote angesita kukiita gari. Kilikuwa na vyuma viwili virefu vya chasisi ya Ford kuukuu, injini ya V8, magurudumu manne na kiti. Bodi hakuna, boneti hakuna, madigadi hakuna, milango ndiyo kabisa. Wenzake walikiita Mdudu. Mdudu huyo akavuka kilomita 160 kwa saa, na watu waliokuja na magari yaliyopigwa rangi na kung'arishwa nikeli wakaanza kuyatazama magari yao kwa jicho jingine.

Wapo wanaobishana hadi leo kama Mdudu ndiye dragsta ya kwanza duniani, yaani gari lililoundwa kwa mbio fupi za mstari ulionyooka. Ubishi huo haunikoseshi usingizi. Kinachonivutia ni swali ambalo lazima Kraft alikuwa akijiuliza kila aliposhika spana: kipande hiki kina kazi gani katika mita 402?

Mita 402 ni robo maili, na ndiyo iliyokuwa mchezo mzima. Magari mawili yalisimama sambamba, bendera ikapigwa, la kwanza kufika ndilo lililoshinda. Vijana wa California walikuwa wakishindana tangu miaka ya 1930 kwenye maziwa makavu ya jangwani, Muroc na El Mirage, lakini huko gari lilikuwa na kilomita kadhaa za kuchanganya, na kilichotafutwa ni mwendo wa juu kabisa. Kuondoka kutoka kusimama ni elimu nyingine. Elimu hiyo walijifunzia barabarani usiku, polisi wakiwafukuza, mpaka C. J. Hart na wenzake walipopata kibali cha kutumia njia ya ndege ya Santa Ana siku za mapumziko. Kiingilio kilikuwa senti 50. Mkewe Hart, Peggy, naye alishindana, na wanaume aliowaacha nyuma walikuwa wengi. Mwaka uliofuata Wally Parks, mhariri wa jarida la Hot Rod, alianzisha NHRA, chama kilichoupa mchezo kanuni na wakaguzi. Historia ya vyama na mataji wengine wameiandika vizuri. Mimi nataka kurudi gereji.

Rejeta kwanza. Gari la kawaida haliendi popote bila rejeta, kwa sababu injini itachemka. Lakini itachemka baada ya muda gani? Mbio za robo maili zilimalizika kwa sekunde kumi na kitu. Maji yaliyojazwa ndani ya bloku peke yake yangeweza kubeba joto la muda huo, kisha injini ikazimwa na kuachwa ipoe. Basi rejeta ikatolewa. Ikishatoka rejeta, feni haina kazi, nayo ikatolewa. Dainamo ya kuchaji betri? Hakuna betri ya kuchaji, moto wa plagi unatoka kwenye magneto. Stata? Gari linaweza kusukumwa na gari jingine, mara nyingi mke au ndugu akiwa kwenye usukani, dereva wa dragsta anaachia klachi na injini inanguruma. Breki za mbele nazo zikaondoka. Kila kilo iliyotoka ilikuwa kilo ambayo injini haikulazimika kuiamsha kutoka usingizini, na kuondoa hakukugharimu hata senti. Kwa kijana mwenye mshahara wa gereji hilo halikuwa jambo dogo.

Ufundi wa namna hii ni rahisi kuudharau. Mtu anaona gofu la chuma na kudhani ni kazi ya mtu mvivu au maskini. Lakini kujua cha kuacha kunadai uelewe kazi ya kila kilichopo, tena uelewe sawasawa, maana ukikosea kipande kimoja utarudi nyumbani na injini iliyojikunja vyuma. Mhandisi wa kiwandani aliunda gari litakalobeba familia kwenye mvua na vumbi kwa miaka kumi. Kijana wa Santa Ana alilisoma gari hilohilo kinyumenyume.

Injini waliyoanza nayo wengi ilikuwa V8 ya Ford iliyotoka mwaka 1932, ile ambayo valvu zake zimekaa ndani ya bloku, ubavuni mwa silinda, na juu imefunikwa kwa kifuniko bapa. Kutoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 65. Ilipendwa kwa sababu ilijaa kwenye viwanja vya vyuma chakavu, wala si kwa sababu ilikuwa na umbo jema. Kila upande una silinda nne lakini matundu matatu tu ya kutolea moshi, hivyo silinda mbili za katikati zinagombania mlango mmoja, na njia ya moshi huo inakatiza ndani ya bloku, katikati ya maji ya kupoozea. Kama ungetaka kubuni injini ya kujichemsha yenyewe, usingeweza kufanya vizuri zaidi.

Hapo ndipo mkono wa fundi ulipoonekana. Alifunga jiwe dogo la kusagia kwenye drili ya mkono, akalipitisha ndani ya njia ya hewa, akasaga kuta za chuma ili mchanganyiko wa hewa na mafuta upite kwa wepesi. Kisha akachonga sehemu ya juu ya bloku, kati ya valvu na silinda, kuondoa kizingiti. Alikokuwa anachonga hakuweza kuona vizuri. Alisaga kidogo, akatoa jiwe, akapitisha kidole, akasaga tena. Nyuma ya ukuta huo kuna maji. Akizidisha, jiwe linatoboa na bloku inarudi ilikotoka, kwenye chakavu. Akiogopa mno, atashindwa na jirani yake aliyethubutu zaidi. Matundu ni mengi, na yote yatoke sawa. Hakuna aliyelipwa kwa kazi hii, na akishamaliza inafunikwa, asiione mtu tena.

Mafuta nayo yalikuwa na somo lake. Mwaka 1949 huko Goleta, karibu na Santa Barbara, Fran Hernandez alimshinda Tom Cobbs katika pambano ambalo bado linasimuliwa, na siri yake ilikuwa nitromethani ndani ya tangi. Petroli kilo moja inahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Nitromethani inabeba oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo inatosheka na hewa chini ya kilo mbili. Maana yake, kwa pumzi ileile ya injini unaweza kuchoma mafuta mengi zaidi ya mara nane. Nguvu inaongezeka hata kama chuma hakijabadilika. Sharti moja: jeti za kabureta zitobolewe upya, ziwe pana vya kutosha. Mafuta yakipungukiwa, pistoni inayeyuka.

Nguvu ikishapatikana linakuja suala la kuifikisha chini. Gari linapochomoka, uzito wake unaegemea nyuma, na matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Basi mafundi wakairudisha injini nyuma, wakairudisha tena, mpaka nafasi ya dereva ikaisha. Dereva akahamishiwa nyuma ya ekseli. Mickey Thompson ndiye anayetajwa zaidi kwa muundo huu, katikati ya miaka ya 1950, nao ukapewa jina la manati. Dereva anakaa nyuma kabisa kama jiwe kwenye ngozi ya manati, miguu ameitanua huku na huku ya difu, klachi inazunguka karibu na miguu hiyo, na mbele ya uso wake injini yote inatema moto. Matairi ya nyuma hayakuwa na kashata hata moja. Kwetu tairi kipara ni kesi barabarani. Kwao mpira laini usio na mifereji ndio uliong'ang'ania lami, mradi mvua isinyeshe.

Naupenda muundo wa manati kwa uaminifu wake. Aliyechomelea chasisi mara nyingi ndiye aliyekaa humo, na kila kiungo cha kuchomelea kilikuwa kimebeba mifupa yake. Hilo halikuwazuia kufa. Flaiwili za chuma cha kalibu zilipasuka zikizunguka kwa kasi, na vipande vikapita popote vilipotaka, mpaka ikawa lazima kuizungushia klachi ngao ya chuma kizito. Mabaki ya Vita vya Pili vya Dunia yaliwasaidia: mikanda na viti vya marubani vilinunuliwa kwa bei ya kutupa, na baadaye parachuti za jeshi zikawa breki.

Kule San Diego, Joaquin Arnett alikuwa na kipaji cha chuma ambacho waliomfahamu hawakuchoka kukisimulia. Klabu yake, Bean Bandits, ilichanganya Wamarekani wenye asili ya Meksiko, Weusi, Waasia na Wazungu wakati ambapo sehemu kubwa ya Marekani haikutaka watu hao wakae meza moja. Jina la klabu lilitokana na tusi walilotupiwa Wameksiko. Wao wakalipaka kwenye magari yao ya njano. Mwaka 1953 NHRA iliandaa mashindano yake ya kwanza huko Pomona, na Arnett na wenzake wakashinda.

Si kila fundi aliishi California. Don Garlits wa Tampa, Florida, alichukua vyuma vya chasisi ya Chevrolet kuukuu, akaweka injini ya Chrysler Hemi, na mwaka 1957 huko Brooksville akapiga maili 176.40 kwa saa, karibu kilomita 284. Wakalifornia walisema saa za Florida zinadanganya. Mafundi wengine nao walipandisha juu ya Hemi pampu ya hewa iliyong'olewa kwenye injini za dizeli za GMC, zile za malori na mabasi, wakaizungusha kwa mkanda. Aliyeunda pampu ile ili basi lipande mlima hakuwaza hata siku moja kwamba ingefika hapo. Mwaka 1964 Garlits alivuka maili 200 kwa saa huko New Jersey.

Tarehe 8 Machi 1970, kwenye mstari wa kuanzia wa uwanja wa Lions karibu na Long Beach, giaboksi ya dragsta ya Garlits ilipasuka. Gari likakatika vipande viwili, na sehemu ya mbele ya mguu wake wa kulia ikaondoka nayo. Ajali hiyo ikamrudisha kwenye wazo la zamani: kuweka injini nyuma ya dereva. Wengi walishalijaribu, lakini magari yao yaliyumba ovyo yakishika kasi, na yakaachwa. Garlits na mafundi wake walikaa na tatizo hilo majira yote ya baridi. Dawa ikapatikana kwenye usukani: ulikuwa mwepesi mno kwa gari la namna ile, kila mguso mdogo wa dereva ukawa mkubwa barabarani. Wakaupunguza ukali, gari likanyooka. Mwanzoni mwa 1971 alishinda nalo Pomona, na ndani ya misimu michache manati zikatoweka kwenye daraja la juu.